Krismasi Nyumbani: Mambo ya Kufanya Pamoja na Watoto

Katika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi vituo vya mabasi vya Nairobi, Nakuru na Mombasa hujaa watu wanaorudi makwao. Makarani, askari, wapishi, mafundi, walinzi wa usiku na wachuuzi, kila mmoja ana mizigo yake: unga wa ngano, sukari, mafuta ya kupikia, kitenge cha mama, na viatu vya mtoto vilivyonunuliwa kwa kupimwa kwa kipande cha uzi. Nauli hupanda siku hizo, nao watu huilipa huku wakinung'unika, kwa kuwa hakuna apendaye kubaki mjini.

Wengi wa wasafiri hao ni baba wa watoto, na siku hizi akina mama nao si haba. Hukaa nyumbani siku nne au tano, kisha hurudi kazini. Katika siku hizo chache ndipo mtoto wa miaka mitano apatapo kumjua mtu ambaye mwaka mzima amekuwa kwake sauti ya simu na jina litajwalo karo inapodaiwa. Siku ya kwanza mtoto hujificha nyuma ya mlango. Siku ya pili humsogelea. Siku ya tatu huanza kuuliza maswali, na siku ya nne baba hufunga mfuko wake.

Wako wazazi wanaodhani ya kuwa wajibu wao umekwisha mara mizigo ifunguliwapo. Baba hugawa nguo na peremende, hutoa fedha za mbuzi, kisha huenda kuwatafuta rafiki zake sokoni, naye hurudi usiku watoto wamekwisha lala. Pengine hana nia mbaya, maana rafiki zake nao hakuwaona mwaka mzima. Lakini rafiki hao wanajua yeye ni nani, na mtoto bado hajajua.

Tena iko hesabu ya fedha. Mshahara wa Desemba mara nyingi hulipwa mapema, nao hutakiwa utoshe hata mwisho wa Januari, yaani wiki tano au sita. Na Januari ni mwezi wa vitabu, sare na karo. Watu wa mjini wameupa mwezi huo jina la Njaanuari, na hucheka walitajapo, ingawa halimchekeshi mama ambaye mtoto wake amerudishwa kutoka langoni mwa shule. Mambo yaelezwayo hapa hayana gharama kubwa, na mengine hayahitaji hata shilingi moja. Yanachohitaji ni saa za baba na mama, nazo hazipatikani dukani.

TAWI MOJA NA DEBE LA MCHANGA

Kupamba mti wakati wa Krismasi si desturi ya kale kwa Waingereza kama watu wengi wanavyofikiri. Wajerumani walikuwa nayo tangu zamani, lakini Uingereza ilienea hasa baada ya mwaka 1848, wakati gazeti la The Illustrated London News lilipochapa picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti huko Windsor. Watu waliiona picha, wakaiga. Basi hapana haja ya mtu kuona haya eti kwa sababu mti wake haufanani na ule wa madukani.

Katika nyanda za juu za Kenya mti utumikao ni saipresi, ambao asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati, na sasa umekuwa ua wa mashamba mengi. Mwambao wa pwani mvinje wafaa. Yatosha kukata tawi moja lililonyooka, wala si vema kukata kilele cha mti mchanga, kwa maana mti huo hautapata tena umbo zuri, na mwenye shamba atakuwa na haki ya kukasirika. Watoto waende pamoja na baba kulichagua. Watabishana sana, na kubishana huko ndiyo nusu ya furaha. Tawi lisimamishwe katika debe lenye mawe na mchanga uliotiwa maji, nalo litakaa kijani kwa siku kadhaa.

Mapambo yatengenezwe nyumbani. Karatasi za kalenda ya mwaka unaokwisha hukatwa vipande virefu vyembamba, kila kipande hugundishwa kuwa pete, na pete hupitishwa moja ndani ya nyingine hata ukapatikana mkufu mrefu. Gundi ni unga wa ngano uliokorogwa kwa maji na kuchemshwa mpaka ukawa uji mzito. Mkufu ukianzwa mapema na mama, watoto waweza kuweka pete moja kwa kila siku iliyobaki kabla baba hajafika, na kila jioni wakaikata moja. Hivyo mtoto ambaye bado hajui kuhesabu vizuri hujifunza kutoa bila kupigiwa kelele.

Mishumaa isiwekwe kwenye tawi hata kidogo. Saipresi ina mafuta ndani yake, na ikishaanza kukauka hushika moto upesi mno; katika nyumba yenye pazia, karatasi na watoto wadogo hakuna nafasi ya kujaribu. Vilevile zile mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo hupendeza sana zikitungwa uzi, ni sumu kali zikitafunwa. Mahali penye mtoto mchanga ziachwe huko huko porini.

NG'OMBE WA UDONGO

Kazi ipendwayo na watoto kupita zote ni ile ya kufinyanga. Kwa Wakristo kuna desturi ya kutengeneza hori la Bethlehemu pamoja na wanyama wake, na watu husema ya kuwa aliyeieneza ni Fransisko wa Assisi, ambaye mwaka 1223 alitayarisha hori lenye nyasi, ng'ombe na punda walio hai katika kijiji cha Greccio nchini Italia. Hakuleta vitu kutoka nchi ya mbali. Ng'ombe alikuwa wa pale pale, na watu waliosimama kutazama walikuwa wanakijiji wenyewe.

Kwa hiyo mtoto wa Kitui au wa Bungoma akimfinyanga ng'ombe mwenye nundu, hakukosea. Akiongeza mbuzi, kuku, na mbwa wa nyumbani kwao, aachwe. Mtoto mwingine atataka kuweka pikipiki iliyomleta mgeni kutoka Mashariki. Jambo hilo litaleta mjadala mkubwa, na si lazima mzazi aukate.

Udongo mzuri hupatikana kando ya mto au penye kichuguu. Babu na nyanya wajua ulipo kuliko mtu aliyekaa mjini miaka kumi, na kuwauliza ni sehemu ya kazi hiyo. Utolewe mawe na mizizi, ukandwe kwa maji kidogo, na kama unanata mno uchanganywe na mchanga laini. Vitu vilivyofinyangwa vianikwe kivulini siku mbili au tatu. Vikiwekwa juani hukauka upande mmoja kabla ya mwingine, vikapasuka, kisha kukawa na kilio. Miguu ya ng'ombe iwe minene, maana miembamba haistahimili. Mtoto atagundua jambo hili mwenyewe baada ya ng'ombe wa kwanza kuanguka, na baba aliyekuwa mchungaji utotoni mwake atajikuta ameketi chini naye, akimwonyesha jinsi ya kuweka pembe.

Mtu aliyepata kutengeneza motokaa ya waya akiwa mtoto hajasahau. Vidole vyake vinakumbuka hata kama ni miaka 20 tangu aguse koleo. Waya mkuukuu wa ua, vizibo vya soda au duara zilizokatwa katika kandambili zilizochakaa kwa magurudumu, na waya mrefu wa usukani unaomfikia mtoto kifuani, hiyo yatosha. Asubuhi moja itapita. Ncha za waya zikunjwe ndani zisije zikachoma. Motokaa ya plastiki iliyonunuliwa mjini mara nyingi huvunjika siku ya pili, na hakuna mtu nyumbani awezaye kuitengeneza, bali hii ya waya ikipinda mtoto huinyosha mwenyewe.

Desemba pia ni mwanzo wa upepo wa kaskazi, na watoto wa pwani huutumia kurusha tiara. Vijiti viwili vyepesi vilivyofungwa msalaba, karatasi ya gazeti lililokwisha kusomwa, mkia wa vitambaa na uzi mrefu. Zamani wengine walitumia mifuko ya plastiki ya dukani, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, na karatasi ni bora vilevile. Warushie uwanjani, mbali na nyaya za umeme.

NANI ATAKAYEPIKA?

Yako mambo ya Krismasi ambayo hayasemwi sana. Wakati wengine wanasherehekea, mama huamka saa kumi alfajiri, na jua litwapo yeye bado yuko jikoni. Wageni hula, husifu chapati, huondoka. Ikiwa sikukuu ni ya jamaa yote, basi na kazi iwe ya jamaa yote, na hapa watoto waweza kusaidia sana kuliko wakubwa wanavyodhani.

Siku ya tarehe 24 baba na watoto wakubwa, wavulana kwa wasichana, wapasue kuni na kuteka maji ya kutosha siku mbili. Wako akina baba watakaocheka wasomapo maneno haya. Wacheke, kisha wachukue shoka.

Chapati zafaa kwa mikono midogo kwa sababu kazi yake ina sehemu nyingi. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano hutiwa vijiko 2 vidogo vya chumvi, vijiko 4 vikubwa vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kama vikombe viwili na nusu, mpaka unga ukawa laini usioganda mikononi. Mtoto mmoja hupima, mwingine hukanda, na unga hufunikwa kwa nusu saa. Hapo ndipo watoto wengi hukosa subira, kwa hiyo wapewe vitunguu vya kumenya. Kisha madonge hukatwa, 15 hivi, nao husukuma kila mmoja lake. La mdogo kabisa litatoka na sura ya ramani ya Afrika, nalo lipikwe kama yalivyopikwa mengine, na baba alile mbele yake. Mambo ya moto na mafuta ya moto yabaki mikononi mwa wakubwa, na mpini wa kikaango ugeuzwe ndani usielekee upande wa mtoto apitaye.

Nyumba yenye wageni 30 itahitaji zaidi ya kilo 4, nayo ni kazi ya saa nyingi. Lakini watu sita wakifanya pamoja huku wakizungumza, mama hupata kuketi mezani wakati chakula kingali cha moto, jambo ambalo watoto wengine hawajapata kuliona siku ya Krismasi.

JIONI, HABARI YA MAJINA

Baada ya chakula cha jioni, wageni wakiisha kwenda, simu ziwekwe kando. Si kwa ugomvi. Mzazi aweke yake kwanza. Wakati huo ndio wa vitendawili. Mwenye kutega husema "Kitendawili!", wenzake hujibu "Tega!", na wakishindwa hudaiwa mji. Wakimpa mji asioutaka hukataa, mpaka wampe ule umridhishao. Ndipo atoapo jibu. Mchezo huu ni wa zamani, nao wamfaa sana mzazi anayesafiri. Mtoto akitoa Naivasha, baba aliyefanya kazi huko aweza kumweleza ya kuwa maji ya ziwa lile ni matamu, hali ya kuwa ya Nakuru na Elmenteita, yaliyo karibu, ni ya magadi. Akitoa Mombasa, aelezwe juu ya ngome iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593. Akitoa Kisumu, ataambiwa kwamba reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901. Lakini zaidi ya hayo atataka kujua baba analala wapi huko, anakula nini, na nani amfuliaye nguo. Maswali hayo yajibiwe kwa kweli. Mtoto aliyeelezwa chumba cha baba yake kilivyo, na dirisha lake linatazama wapi, anajua amfikirie akiwa mahali gani.

Kisha iko habari ya majina, ambayo katika nchi hii haina mwisho. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Nao wasichana hupewa ya nyanya zao kwa utaratibu huo huo. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amebeba jina la mtu ambaye hakupata kumwona, wala hajui kama alikuwa mrefu au mfupi, mpole au mkali. Kwa Wajaluo, Otieno na Atieno walizaliwa usiku, na Okoth na Akoth wakati wa mvua. Wakamba wana Wambua, na Wakalenjin wana Kiprop na Cherop, ambao pia ni watoto wa mvua. Mtoto anaposikia hayo hutaka kujua zaidi: ni mvua gani? Ilinyesha mchana au usiku? Nani alikwenda kumwita mkunga, na je, mto ulikuwa umefurika? Mama ndiye ajuaye, au nyanya, na pengine baba mwenyewe atasikia kwa mara ya kwanza mambo yaliyotokea yeye akiwa kazini mbali.

Mtoto mwenye hati nzuri apewe daftari ayaandike: jina, aliyepewa jina lake, mahali alipozaliwa huyo mtu, kazi yake, na jambo moja analokumbukwa nalo. Babu akiwa hai aulizwe habari za baba yake na za babu yake. Wazee wengi huanza kwa kusema hawakumbuki, na saa moja baadaye taa inakaribia kuzimika nao bado wanasema. Daftari likiwekwa mahali pakavu, mwaka ujao litaendelea kutoka pale lilipoishia. Ni vema lisiachwe mpaka mwaka ule ambao hakuna tena wa kuulizwa.

Kuimba nako kuna nafasi yake. Wimbo wa Usiku Mtakatifu, ambao leo huimbwa karibu dunia nzima, ulisikika mara ya kwanza mwaka 1818 katika kanisa dogo la Oberndorf huko Austria, kwa sauti za watu wawili na gitaa moja. Haukuhitaji vyombo vingi wakati ule, wala hauvihitaji sasa, na kila nyumba huuimba kwa lugha yake.

BARUA NA MBEGU

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843. Mwenyewe, Henry Cole, alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi asiyepata wasaa wa kuwaandikia rafiki zake wote, basi akamwomba mchoraji Horsley amchoree picha moja ya kuwapelekea. Zilizobaki ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Watoto walio likizoni hawana udhuru kama huo. Karatasi iliyokunjwa mara mbili, picha ya ng'ombe yule wa udongo, na maneno matatu kwa shangazi aliye mgonjwa au kwa mjomba aliyeshindwa kuja kwa sababu ya zamu, hupokewa vizuri kuliko kadi yenye theluji, kitu ambacho mpokeaji hajapata kukiona isipokuwa kileleni mwa Mlima Kenya siku isiyo na mawingu.

Siku ya mwisho, kabla baba hajaondoka, kila mtoto apande mpapai wake. Mbegu huoshwa ule ute wake kwa majivu, hukaushwa kivulini, na kupandwa tatu katika kila kopo lenye udongo na samadi, chini yake pametobolewa matundu. Sababu ya kupanda zaidi ya moja ni kuwa mipapai mingi ama ni dume ama ni jike, na dume halizai, wala haijulikani ni lipi mpaka maua yatokee. Miche ikifika urefu wa shibiri moja ihamishiwe shambani, mahali pasipotuama maji, yote mitatu pamoja; ikishatoa maua madume yang'olewe, lakini dume moja libaki shambani kwa ajili ya mbelewele. Penye joto matunda ya kwanza huweza kuonekana katika muda wa mwaka mmoja hivi. Penye baridi huchelewa. Kwa kuwa mvua za vuli huwa zinakwisha wakati huo, makopo yamwagiliwe kila jioni, na mtoto atakuwa na habari ya kumpa baba yake kila apigapo simu: imeota mingapi, na ina majani mangapi.